Jiwe Linalochanua Oktoba

Ukipanda kilima cha mawe ya chokaa magharibi mwa Texas mwezi wa Juni, kule mto Rio Grande unakopinda na kuitenga Marekani na Mexico, unaweza kulikanyaga dungusi ninalotaka kulieleza hapa na usijue kwamba umekanyaga kitu chenye uhai. Utadhani ni kokoto. Rangi yake ni kijivu cha vumbi, limelala sawa na ardhi, halina mwiba hata mmoja, na ngozi yake imepasukapasuka kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi kizima. Rudi hapo hapo mwishoni mwa Oktoba, jua likishapanda. Kilima kile kile utakikuta kimetapakaa maua ya waridi iliyokolea, makubwa kuliko ungeyatarajia kutoka kwa kitu ulichodhani ni jiwe, na kila ua limetoka katikati ya kokoto yako ya juzi.

Jina lake la kitaalamu ni Ariocarpus fissuratus. Wenyeji wa Texas wana jina lenye maana ya jiwe lililo hai. Upande wa Mexico huitwa chaute, jina ambalo pia hupewa ndugu zake wa karibu, nami nitalitumia hilo kwa sababu ni fupi na linatamkika.

Habari za chaute zikifika kwetu huwa zimevurugika. Utasikia ni mmea adimu unaokaribia kutoweka. Utasikia pia kwamba umejaa tele na wenye mashamba wanauuza wakitaka. Utasikia ni dawa ya kulevya. Utasikia kuuza ni kosa la jinai, halafu ukifungua simu unaona unauzwa kwenye chungu, pamoja na namba ya mpesa ya muuzaji. Karibu kila moja ya habari hizo ina ukweli ndani yake, na hapo ndipo fundo lilipo. Ili kulifungua inabidi tuanzie mbali kidogo.

Tuanze na mkanganyiko wa nyumbani. Kwetu neno dungusi, au kakati, hubebeshwa karibu kila mmea mnene usiotaka kuguswa. Mnyaa unaozungushiwa maboma Singida na Shinyanga huitwa hivyo. Ile miti mikubwa yenye matawi yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa, iliyofanya msitu mzima kando ya Ziwa Nakuru, huwafanya wageni wengi waondoke wakiamini wameona kakati la Afrika. Hawajaliona. Hiyo ni yuforbia, ukoo mwingine kabisa. Mtoto aliyekulia nyuma ya uzio wa minyaa anaijua tofauti bila kufundishwa darasani: ukivunja kijiti, unachuruzika utomvu mweupe kama maziwa, na tone moja likikuingia jichoni utalia mpaka magharibi. Madungusi ya kweli, yote isipokuwa machache, hutoa majimaji tu. Alama yao ya uhakika ni kidoti kidogo chenye manyoya kiitwacho areoli. Hapo ndipo miiba inapochomoza, hapo ndipo tawi jipya linapoanzia, na maua nayo hutoka hapo au jirani na hapo. Yuforbia haina areoli, hata ikiwa na miiba kiasi gani.

Ukoo wa madungusi una spishi zipatazo 1,500, na kwao ni Amerika, kuanzia Kanada mpaka kusini ya Ajentina. Ni moja tu iliyovuka bahari bila kubebwa na mtu. Inaitwa Rhipsalis baccifera, na imo katika misitu yenye unyevu ya Afrika ya Mashariki na Kati, ikining'inia juu ya miti kama nyuzi za kijani, na vitunda vyeupe vyenye ulimbo ambavyo ndege huvipenda. Kwa hiyo dungusi pekee la asili ya Afrika linakaa mtini, kwenye ukungu, mbali na jangwa. Mpungate ni habari nyingine. Huo uliletwa. Kaskazini mwa Laikipia ulipandwa zama za ukoloni uwe uzio, tembo na nyani wakayala matunda na kusambaza mbegu, na leo wafugaji wanahesabu mbuzi walioumizwa midomo na matumbo na vimiiba vyake.

Kama si ndugu, kwa nini yuforbia na dungusi vinafanana? Kwa sababu ukame ni mwalimu mmoja kila alikokwenda. Mmea unaokosa mvua hufaidika ukipunguza majani, ukinenepesha shina liwe tangi la maji, na ukijikinga na wanaolitamani tangi hilo. Afrika koo za yuforbia zilifika hapo kwa njia yao, Amerika madungusi kwa njia yao. Na kana kwamba maumbile yalitaka kututania, kwenye vilima hivyo hivyo vya chaute huota yuforbia ya huko huko Amerika, candelilla, vijiti vyembamba vya kijivu vilivyojipaka nta. Mtu wa Singida angevitazama mara moja na kusema: huu mnyaa umekonda. Wanavijiji wa kaskazini mwa Mexico huvichemsha vijiti hivyo wakapata nta inayoishia kwenye rangi za midomo na pipi za kutafuna.

Sasa mahali penyewe. Ukisema jangwa, wengi wetu tunaona mchanga na ngamia. Jangwa la Chihuahua halina sura hiyo, ukiacha sehemu chache. Ni nyanda za juu zenye mawe, vichaka vya kufika kiunoni na milima ya mbali yenye rangi ya majivu, zikianzia kusini mwa New Mexico na magharibi mwa Texas na kushuka ndani kabisa ya Mexico. Pande mbili limebanwa na safu za Sierra Madre, ya mashariki na ya magharibi, na mawingu yanayotoka baharini humwaga mzigo wao kabla ya kuvuka. Sehemu kubwa ya jangwa hilo hupata mvua ya milimita 200 hadi 300 kwa mwaka. Dodoma, ambako tunaulalamikia ukame kila msimu, hupata kama mara mbili ya hiyo. Na nyingi ya hiyo kidogo hunyesha kati ya Julai na Septemba, kwa ngurumo za mchana, halafu basi. Kwa kuwa ni juu, baridi nayo haina mchezo: usiku wa Januari maji huganda.

Chaute haikai popote tu ndani ya eneo hilo. Inapenda chokaa. Vilima vyake ni masalia ya sakafu ya bahari ya zama za kale, miamba myeupe iliyomeguka ikawa vipande bapa vya ukubwa wa kiganja na vidogo zaidi, na kati ya vipande hivyo kuna udongo haba. Humo ndimo inamojibana. Majirani zake wakuu ni lechuguilla, mmea wenye majani kama majambia yaliyosimama wima. Ukiuona utahisi unaujua, na kweli unaujua: ni ndugu wa mkonge wetu, ule ambao Richard Hindorf aliuingiza Tanga mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai baada ya safari. Nyuzi za lechuguilla huko Mexico bado hutengenezwa burashi na kamba. Katikati ya majambia hayo, chini, chaute imetulia.

Nataka tuichungulie kwa karibu, tukiwa tumepiga magoti, maana kwa kusimama huoni kitu. Uso wake ni duara la kama upana wa kikombe, mara nyingine la sahani ndogo. Duara hilo limepangwa vinundu vigumu vya pembetatu, kimoja juu ya kingine kwa mzunguko, kama vigae vya paa. Kila kinundu kina mfereji katikati, na pembeni mwake ngozi imekwaruzika na kupasuka. Huo mpasuko ndio uliompa daktari George Engelmann wa St. Louis jina la fissuratus alipoieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1856, akiiweka kwenye jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, tofauti na ya sasa. Karl Schumann aliihamishia kwenye Ariocarpus mwaka 1894. Katikati kabisa kuna kifurushi cha manyoya meupe au ya kijivu, kama sufu iliyosahaulika, na humo maua hukaa yakisubiri.

Hiyo unayoiona ni paa tu. Nyumba iko chini: mzizi mnene kama figili kubwa, ambao ndio ghala la maji na chakula. Na mzizi huo una tabia ambayo mimi naiona ya ajabu kuliko maua yenyewe. Hujifupisha. Chembe zake hupungua urefu na kuongezeka unene, ngozi ya mzizi hujikunja makunyanzi, na mmea wote huvutwa chini, taratibu, mwaka baada ya mwaka, ili uso usizidi usawa wa ardhi. Kimo ambacho mmea mwingine ungekipata kwa kukua, chaute inakirudisha udongoni. Watafiti wa California walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010. Walilinganisha mimea iliyozama na iliyojitokeza, kwenye mchanga na kwenye udongo wenye mawe. Joto kali la kiangazi lilipofika, iliyonusurika ni ile iliyozama katikati ya mawe. Mchangani haikusaidia kuzama. Kwa hiyo yale mawe ni sehemu ya mmea kwa namna fulani. Ukiing'oa chaute na kuipanda kwenye mchanga mtupu, umeivua nguo.

Utauliza: pale juani, uso wa ardhi ukichemka kupita kiasi mkono unachoweza kuvumilia, maji hayapotei? Hapa kuna mbinu ambayo madungusi karibu yote huitumia. Mimea mingi hufungua vitundu vya ngozi yake mchana ili ivute hewa ukaa, na mvuke wa maji hutoroka kupitia vitundu hivyo hivyo. Dungusi hufungua usiku. Huvuta hewa ukaa gizani, huigeuza kuwa asidi na kuihifadhi kwenye chembe zake, halafu alfajiri hufunga milango yote. Mchana jua linapowaka, hutumia ile akiba ya usiku kutengeneza sukari bila kufungua dirisha. Si ufundi wa kigeni sana: nanasi na mkonge hufanya hivyo hivyo. Gharama yake ni mwendo. Mmea unaokula kutoka ghalani kwa kipimo haukui haraka, na chaute ni mwenye mwendo wa pole hata miongoni mwa wapole.

Kuhusu miiba, nilisema haina. Je, inajikinga na nini? Kwanza kwa kutoonekana. Pili kwa uchungu. Mwili wake una alkaloidi kadhaa, maarufu kati ya hizo ni hodenini, kemikali inayopatikana pia kwenye shayiri iliyooteshwa kwa ajili ya kutengenezea bia. Mnyama anayejaribu kuitafuna hujifunza haraka. Hapo ndipo ilipozaliwa ile habari ya ulevi. Mexico wako wanaoiita peyote cimarrón, yaani peyote la mwituni, na peyote lenyewe, Lophophora williamsii, ni dungusi jingine lisilo na miiba linalokaa jangwa hilo hilo na lenye meskalini, kitu kinachobadilisha fahamu kwelikweli. Chaute si peyote. Kuna watu wanaoshindwa kutofautisha, na wengine hawataki kutofautisha, kwa sababu jina la peyote huuza.

Lakini watu wa Rarámuri, wakazi wa milima ya Chihuahua ambao wageni waliwaita Tarahumara, waliiheshimu kwa sababu zao. Mwanaelimu wa Norway, Carl Lumholtz, aliyeishi nao miaka ya 1890, aliandika mwaka 1902 kwamba waliuita mmea huu sunami, kwamba waliuhesabu kuwa na nguvu hata kulipita peyote la kawaida, na kwamba mahali ulipo wezi hawawezi kuiba, kwa sababu sunami huita askari waje kumsaidia. Naomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya askari. Tutaihitaji.

Sasa maua. Madungusi mengi ya Chihuahua huchanua kati ya Machi na Mei. Chaute hungoja mvua za Julai hadi Septemba zipite, mzizi unywe, vinundu vinenepe, halafu Oktoba, na mara nyingine Septemba mwishoni au Novemba, ndipo hufungua ile sufu. Ua huwa na upana wa sentimita 3 hadi 4 hivi, petali za waridi inayoelekea zambarau, katikati nyuzi za chavua za manjano kama kiini cha yai, na kijiti cheupe kilichojigawa juu kama vidole. Hufunguka jua likiwa kali na kujifunga jioni, kwa siku chache tu. Chavua ya mmea mmoja haiwezi kuuzalisha mmea huo huo, ndiyo maana lazima yachanue mengi kwa pamoja na nyuki wapite wakihangaika kutoka jiwe hadi jiwe. Kuchelewa kwake nakuelewa hivi: wakati huo sokoni wauzaji ni wachache, nyuki hana chaguo pana.

Tunda halijitangazi. Hukaa ndani ya manyoya, likanyauka humo, na mbegu nyeusi ndogo hubaki zimenaswa kwenye sufu mpaka maji ya mvua au chungu wazichukue. Hata kuzaa inazaa kwa siri.

Utaona basi kwamba mmea huu umejificha miezi 11 na kujitoa hadharani mmoja. Na mtu mwenye sururu na mfuko anaijua kalenda hiyo kama nyuki anavyoijua.

Wizi wa madungusi si wa jana, lakini intaneti imeupa miguu. Mwaka 2015 watafiti waliotathmini spishi 1,478 za madungusi walikuta asilimia 31 ziko katika hatari ya kutoweka, kiwango kinachopita cha mamalia na ndege, na kati ya sababu kuu walitaja uchimbaji wa mimea hai na mbegu kwa ajili ya wapenzi wa maua ya chunguni. Nataka kusisitiza hilo neno wapenzi. Anayemmaliza faru mara nyingi hampendi faru, anataka pembe. Anayeimaliza chaute anaipenda mno. Anajua jina lake la Kilatini, anajua aina ya mawe yake, ana picha zake ukutani.

Na anachonunua ni nini hasa? Chaute inaweza kuoteshwa kwa mbegu kitaluni, na wako wakulima hodari wanaofanya hivyo Ulaya, Marekani na Asia. Lakini ya kitaluni huwa nono, kijani safi, vinundu vyake laini, duara lake kama limechorwa kwa bikari. Ya kilimani ina makovu. Imebabuka upande mmoja, imepigwa na mvua ya mawe, imebanwa na jiwe ikakua mshazari. Ni kama wanunuzi wa milango ya zamani ya Zanzibar: seremala wa leo anaweza kuchonga mlango ule ule, nakshi ile ile, lakini mteja haoni thamani mpaka aone mbao zilizoliwa na chumvi na misumari iliyoshikwa na vizazi vitatu. Anayenunua chaute ya kuchimbwa ananunua miaka. Na miaka haiharakishwi kitaluni. Porini mmea huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, na wenye upana wa sahani huenda umemzidi umri anayeuchimba.

Katika miaka ya 2010 maofisa wa wanyamapori wa serikali ya Marekani walifuatilia mitandao iliyokuwa ikichimba chaute magharibi mwa Texas na kuzisafirisha kwa posta kwenda kwa wateja wa Ulaya na Asia. Maelfu ya mimea yalikamatwa, watu wakakiri makosa mahakamani. Kumbe sunami alikuwa na askari wake. Walichelewa njiani tu.

Hapa ndipo sheria inapowachanganya watu, na ninakiri ilinichukua muda kuipanga kichwani. Shirika la kimataifa linalopima hatari ya spishi, IUCN, haliihesabu chaute miongoni mwa zilizo hatarini. Limeiweka kwenye daraja la wasiwasi mdogo kabisa, kwa kuwa eneo lake ni kubwa na vilima vingi havifikiki kirahisi. Lakini mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ule ule tunaoujua kwa pembe za ndovu na ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, umeiweka jenasi nzima ya Ariocarpus kwenye Kiambatisho cha Kwanza, daraja la juu kabisa la katazo. Mmoja anasema haina hofu, mwingine anafunga mlango kwa makufuli mawili. Nani mwongo?

Hakuna. IUCN inauliza: zimebaki ngapi? CITES inauliza: biashara inaweza kufanya nini? Ndugu za chaute wengine wako pabaya kweli. Kuna Ariocarpus bravoanus wa jimbo la San Luis Potosí, aliyepewa jina kwa heshima ya mtaalamu wa mimea wa Mexico, Helia Bravo Hollis. Ulitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1992, na kutangazwa kwenyewe kukawa kama ramani mkononi mwa wachimbaji. Sasa mweke ofisa wa forodha mbele ya boksi la mawe ya kijivu yaliyofungwa kwenye magazeti. Hawezi kutofautisha lipi ni la kilima chenye laki na lipi ni la kilima chenye mia. Kwa hiyo wote wamefungiwa kamba moja. Ya porini haivuki mpaka kibiashara; iliyooteshwa kitaluni inavuka ikiwa na kibali. Ndiyo sababu unaiona ikiuzwa waziwazi huku mwingine akifungwa kwa kuiuza. Swali ni karatasi, na karatasi ni ya mmea ulikozaliwa.

Ndani ya Texas kuna fundo jingine. Ardhi ya jimbo hilo, zaidi ya asilimia 90, ni mali ya watu binafsi, na kwa ujumla mwenye shamba ana sauti kubwa juu ya kinachoota shambani mwake. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Big Bend, yenye madungusi ya aina zaidi ya 60, huruhusiwi kuchukua hata jiwe la kweli. Ng'ambo ya uzio, mwenyewe anaweza kukuruhusu. Chaute ya pande hizi mbili ni moja. Mtu akikamatwa na gunia atasema alipewa ruhusa na mwenye ranchi, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo huwa ngumu. Kinachowabana ni sheria ya shirikisho inayoitwa Lacey, ya mwaka 1900, iliyopanuliwa mwaka 2008 upande wa mimea: ukishasafirisha au kuuza mmea uliopatikana kwa kuvunja sheria ya kulinda mimea au kuzuia wizi wake, umeingia mikononi mwake.

Swali la mwisho ambalo watu huuliza ni jepesi kulitamka: zilizokamatwa si zirudishwe? Sehemu ya mimea hiyo ilipelekwa kutunzwa kwenye Chuo Kikuu cha Sul Ross State, mjini Alpine, huko huko magharibi mwa Texas. Lakini kurudisha si kupanda mchicha. Mchimbaji haandiki kilima gani alichimba nini. Ukiichanganya mimea ya kusini na ya kaskazini unavuruga nasaba zilizotengana kwa muda mrefu kuliko mipaka ya nchi. Unaweza pia kupeleka wadudu na ukungu wa bandani kule ambako haukuwahi kuwako. Halafu kuna ule mzizi. Ukikatwa na sururu, jeraha huoza likikutana na unyevu, na hata likipona, kazi ya kujivuta chini ya mawe inaanza upya, juani, bila paa. Mingi hubaki kwenye trei, Oktoba ikifika inachanua hapo, na nyuki akipata upenyo wa kuingia huwazalisha wageni na wageni.

Kama umeipenda, na sikulaumu, kwa sababu nami picha yake imekaa kwenye simu yangu miaka mitatu, jifunze kuusoma mmea kabla ya kutoa pesa. Ukiona umelingana kila upande na hauna kovu, huenda umeoteshwa. Ukiona vinundu vimemeguka ncha, chembe nyeupe za chokaa zimenasa kwenye manyoya, mzizi umekatwa kwa kisu, na bei inapanda kadiri unavyozeeka, mwulize muuzaji umezaliwa wapi. Akikuambia habari ya rafiki yake mwenye ranchi, funga simu.

Mbegu zipo, kutoka vitalu vyenye vibali. Wanaozijua huzitawanya juu ya kokoto laini yenye chokaa kidogo, hufunika chombo kwa plastiki ili unyevu usitoke, na baada ya wiki moja au mbili huona vipira vya kijani visivyozidi kichwa cha kiberiti. Wasio na subira hukibebesha kipira hicho juu ya shina la dungusi jingine linalokua haraka, na ua likatokea miaka michache tu baadaye, juu ya mmea mnene wa kijani ambao jangwa lingeukana. Wenye subira hukiacha kwenye mizizi yake. Ukikitazama kipira hicho kwa lenzi katika miezi ya mwanzo, utaona jambo ambalo mmea mkubwa haukuonyeshi: kina miiba. Midogo, laini, myeupe, imejipanga kwenye ncha za vinundu kama ya dungusi lolote lile. Vinundu vipya vikianza kuchomoza huja bila miiba, ile ya zamani hunyauka, na chaute huanza kufanana na jiwe.